Mayai ya Mwenye Nyumba

Mashine ya zege ilikuwa inazunguka tangu asubuhi, na wanaume sita walikuwa wamesimama na makoleo yao wakimsubiri mwanamke mmoja aliyepiga magoti kwenye kona ya uwanja, akichimba kwa kijiko cha chai. Kijiko cha chai, ndiyo. Majembe yalikuwepo, sepetu zilikuwepo, lakini yeye alikwenda jikoni akachagua kijiko kidogo kuliko vyote, akaja kupiga magoti pale pale ambapo mbao za kuzuilia zege zilikuwa zimeshapigiliwa.

"Mdogo wangu," kaka yake akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia mbele ya wafanyakazi wake, "zege halisubiri mtu."

"Lizungushe. Si lina mota?"

Wafanyakazi wakatazama chini na kumeza vicheko vyao.

Mwanamke huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi mtaani, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, watu walikuelekeza kwenye karakana ya bati iliyo ubavuni mwa uwanja ule, ambako yeye alitengeneza mafriji kwa miaka thelathini, kama baba yake kabla yake. Kaka yake alikuwa mkandarasi. Baba aliwaachia uwanja wote wawili sawa kwa sawa, ila kaka, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, alikuwa na tabia ya kukata shauri kwanza na kuwaarifu wenzake baadaye. Safari hii alikuwa amekata shauri kwamba uwanja wote umwagwe zege, kutoka geti mpaka ukuta wa nyuma, apate pa kuegesha magari na kupanga matofali. Hata kuku wa shangazi yao walikuwa wameshahamishiwa kwenye banda la mbao lililoinuliwa juu ya matofali, nao walizunguka humo wakiparura ubao mtupu.

Na uwanjani humo aliishi kobe. Baba yao alimkuta hapo siku alipokuja kufyeka majani, kabla hajapanga hata tofali moja, na kwa sababu hiyo akamwita Mwenye Nyumba. Sisi ni wapangaji tu, alikuwa akisema. Kila mwaka, akishapitiwa na dume wa vichakani, Mwenye Nyumba alichimba kwenye kona ile ile, penye udongo laini na jua la asubuhi, akataga, akafukia, akaenda zake. Kila mwaka mbwa au panya waliyafukua mayai, na hakuna aliyejali. Kwa nini ujali? Mwenye Nyumba alikuwepo, na mwakani angetaga tena.

Ijumaa iliyopita lori la kokoto liliingia kinyumenyume. Fundi alikuwa ndani ya karakana na alisikia mlio wenyewe, na mlio ule sitauelezea. Alipotoka alimkuta kaka yake ameshaagiza toroli. "Ni kobe tu," kaka alisema bila kumtazama, na wakamwondoa Mwenye Nyumba kabla Fundi hajapata neno la kujibu. Neno lilimjia usiku mzima, tena mengi, lakini asubuhi lilibaki moja tu. Alikumbuka kwamba siku tisa kabla ya hapo alimwona Mwenye Nyumba kwenye kona akirusha udongo kwa miguu ya nyuma.

Alimpigia simu mzee mmoja aliyetunza nyoka kwenye bustani ya wanyama. Alimfahamu kwa sababu aliwahi kumtengenezea friji la kugandishia panya, chakula cha nyoka wake. Mzee wa Nyoka alimpa maagizo matatu: chimba polepole, weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla hujalinyanyua, na usiligeuze. Upande ulio juu ubaki juu mpaka mwisho. Mtoto wa kobe hujishika kwenye ganda tangu siku za mwanzo, na ukimgeuza unamzamisha humo humo ndani.

Ndiyo maana ya kijiko. Alitoa yai la kwanza, jeupe na la mviringo, akachora msalaba mdogo juu yake, akalilaza kwenye beseni la mchanga. Likafuata la pili. Kaka alitazama saa. Fundi hakupepesa macho. Alipofika la tisa na kukuta chini yake udongo mtupu, ndipo alipojikung'uta magoti.

"Umemaliza mchezo?" kaka akauliza.

"Nimemaliza hatua ya kwanza. Sasa natengeneza mashine, nitayatotolesha."

Kaka alicheka kweli kweli, cheko la tumboni, akawageukia watu wake. "Haya, sikilizeni nyote! Akitoka kobe hata mmoja kwenye mayai hayo, huyu mdogo wangu aje alipasue hili zege kwa mikono yake mwenyewe. Na mimi nitakaa kwenye kiti nimwangalie!"

Wafanyakazi wakacheka, safari hii kwa ruhusa. Fundi alimtazama mzee aliyeendesha mashine, mtu mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Shangazi, na wewe umesikia?"

Shangazi alikuwa kwenye banda lake akiwamwagia kuku pumba. "Sijaziba masikio," akasema.

Fundi akanyanyua beseni na kuondoka nalo taratibu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Nyuma yake zege likamwagwa.

Kujenga mashine ya kutotolea si kazi ngumu kwa mtu anayejua masanduku. Fundi alikuwa na friji bovu la mlango mmoja, mashine yake imekufa, gesi imekwisha, lakini kuta zake nene hazikuwa na hata ufa. Miaka thelathini alikuwa akilifukuza joto kwenye masanduku ya namna hiyo, na sasa alitaka kulifungia ndani. Alifunga balbu mbili chini na kuzifunika kwa makopo ya maziwa ili mwanga usiyapige mayai. Aliweka feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu, isukume joto mpaka pembeni, na sufuria pana ya maji ili hewa isikauke. Rafu mbili. Juu kabisa akafunga thamostati ya namba, swichi inayowasha na kuzima kwa kufuata joto, ile ya mafriji ya kuuzia soda, yenye waya mrefu unaoingia ndani kupima joto.

Mzee wa Nyoka alikuwa amemwambia jambo moja zaidi, na hilo lilimfurahisha kupita yote. "Kobe wako, joto ndilo linaloamua. Ukiweka ishirini na nane unapata madume. Thelathini na mbili, majike. Katikati hapo, chochote."

Fundi aliweka thelathini na mbili bila kufikiri mara mbili. Dume hachimbi.

Akawasha, akafunga mlango, akaenda kunywa chai. Ilikuwa mchana, na chini ya bati lile karakana yenyewe ilikuwa tanuri. Aliporudi namba ilisoma sitini na moja. Vibakuli vya plastiki alivyoviweka kwa majaribio vilikuwa vimelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Alichomoa waya wa umeme, akasimama akiitazama kazi yake huku ameshika kiuno. Kisha akaona, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Kwenye friji, joto likipanda mashine inawaka. Mkono wake ulikuwa umeunganisha waya mahali pale pale unapouunganisha kila siku, bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo kadiri kulivyozidi kuwa moto ndivyo balbu zilivyozidi kuwaka. Kosa hilo hangelifanya fundi saa, wala seremala, wala hata mtoto wa shule. Lilihitaji bingwa wa baridi mwenye uzoefu wa miaka thelathini.

"Ungekuwa umeyaweka mayai," shangazi alisema kutoka mlangoni, "saa hizi tungekuwa tunatafuta chumvi."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Akahamisha waya, akaiacha mashine ifanye kazi tupu siku nzima mpaka aliporidhika kwamba namba haitikisiki. Ndipo alipoyapanga mayai kwenye vibakuli vipya vyenye mchanga mbichi. Matano rafu ya chini, manne rafu ya juu, misalaba yote ikitazama juu.

Kuanzia siku hiyo kaka akapata wimbo. Kila asubuhi akipita karakana kwenda kwenye gari lake aliuliza, "Supu imeiva?" Na Fundi, uso mkavu, alijibu, "Bado kidogo." Siku moja kaka alizima umeme wa uwanja mzima ili achomelee geti, asimwambie mtu. Fundi alirudi kutoka dukani akakuta namba imeshuka mpaka ishirini na saba. Alichemsha maji, akajaza chupa, akazizungusha taulo na kuziingiza ndani. Kisha akaenda kwenye swichi kubwa akabandika karatasi na kuiandika kwa kalamu nene: ANAYEZIMA HAPA ANIAMBIE USONI. Kaka aliisoma, akaguna, na hakuizima tena.

Usidhani Fundi alikuwa na moyo wa chuma. Alipokuwa peke yake alifungua mlango na kuyatazama yale mayai tisa yasiyosema kitu, na hofu ikambana. Yai la kuku baada ya siku chache ukilimulika unaona mishipa. Haya aliogopa hata kuyamulika. Hayakuwa na mama wa kutaga mengine mwakani, na yakifa hapo ndiyo mwisho. Hilo ndilo alilokuwa akibeba kila siku wakati kaka akiuliza habari za supu.

Siku ya arobaini na tatu aliitwa kwenda kutengeneza chumba baridi cha kuhifadhia samaki, kazi ya siku mbili na mbali. Alimwachia shangazi mashine na maagizo matatu: atazame namba, aongeze maji, afunge mlango vizuri. La nne hakulisema, kwa sababu halikumpitia akilini.

Aliporudi, shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, uso umemng'aa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kila kitu sawa, namba haikucheza hata kidogo. Ila wewe nawe! Hujui kutotolesha. Umeyaacha mayai yamelala upande mmoja mwezi mzima! Nimekugeuzia. Asubuhi na jioni, siku zote mbili."

Fundi alimpita. Alifungua mlango. Rafu ya chini, mayai matano, na hakuona hata msalaba mmoja. Meupe, masafi, yamepangwa vizuri na mikono iliyototolesha vifaranga kwa miaka hamsini, maana kuku ndivyo alivyo: usipomgeuzia yai, kifaranga hugandia upande na kufa. Shangazi alikuwa ameyatendea mayai yale kila jema alilolijua.

Hasira ilimpanda Fundi mpaka akaona giza. Hakuweza kumpigia kelele dada ya baba yake, kwa hiyo alitoka nje. Alitaka apige teke kitu, chochote, na uwanjani hapakuwa na hata kokoto moja iliyolegea. Zege tupu, sawasawa, limesuguliwa vizuri, likimchoma nyayo kupitia kandambili. Alisimama juu yake akauma meno mpaka taya zikamuuma, na machozi yakamtoka ya hasira na ya huzuni pamoja, wala hakuyafuta.

Aliporudi ndani shangazi alikuwa amesimama, ule mng'ao umekwisha.

"Nimefanya nini?"

Fundi akamweleza: msalaba, na kujishika kwenye ganda, na kuzama. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimeyaua."

"Sijui, shangazi."

"Usinifiche kama mtoto. Nijibu."

"Haya ya chini, huenda."

"Na ya juu?"

Fundi alikuwa hajatazama juu. Alinyanyua kichwa. Mayai manne, misalaba minne, kila mmoja mahali pake.

"Ya juu hukuyagusa."

"Mkono haufiki," shangazi akasema polepole. "Bega hili. Halipandi kupita hapa." Alilishika bega lake la kulia kama aliyelisikia kwa mara ya kwanza. "Miaka saba ninalilaani."

Fundi akasema, "Mimi mwenyewe niliunganisha balbu kama friji. Ulisahau?"

"Sijasahau. Lakini wewe hukuua mtu."

"Kwa bahati tu. Leta kigoda chako ukae."

Kaka alipopata habari alikuja mpaka mlangoni, akatingisha kichwa. "Matano yamekwenda. Acha, mdogo wangu. Hata hayo manne unajisumbua. Tupa, tukufanyie rafu nzuri ya vifaa vyako."

"Umeshamaliza?"

"Nakusaidia."

"Ukitaka kunisaidia, funga mlango. Joto linatoka."

Siku ya mia na kumi na tisa, asubuhi, kulikuwa na tundu kwenye yai moja la rafu ya juu, dogo kuliko punje ya mchele. Fundi alimwita shangazi kwa mkono. Walikaa mbele ya kioo kidogo alichokipachika mlangoni wiki ile mpaka miguu ikafa ganzi. Mtoto wa kobe hana haraka na mtu. Alichukua siku mbili nzima kutoka, akiwa amekunjamana, na mkunjo wa yai bado upo kwenye gamba lake. Wa pili akafuata jioni ile, na wa tatu siku ya tatu. Yai la nne lilikuwa maji tu.

Watatu. Shangazi alimpakata mmoja kwenye kiganja, naye mtoto akaanza kuchimba. Kwenye kiganja! Miguu ya nyuma ikirusha udongo ambao haupo.

"Kaka yako tumwite?" shangazi akanong'ona.

"Bado. Ya chini nayo yana haki ya siku zake." Fundi alifuta uso kwa kiwiko. "Zege litasubiri. Sasa ni zamu yake."

Alilisubirisha siku ishirini. Kila asubuhi kaka aliuliza habari za supu, na kila asubuhi, huku watoto watatu wakitafuna majani ndani ya boksi nyuma ya mlango, Fundi alimjibu, "Bado kidogo." Siku ya ishirini na moja rafu ya chini ilianza kunuka. Shangazi alisema ni kazi yake, akayapasua mayai yote matano mwenyewe, moja moja. Matatu hayakuwa na kitu. Ndani ya mawili walikuwa wameshakuwa kobe, na makucha wanayo. Akawalaza wote kwenye beseni, akawafunika kwa kanga yake, akatoka nje kuwazika.

Fundi alimwona kupitia mlangoni. Alimwona akitembea mpaka ukutani, akarudi, akaenda mpaka getini, akasimama. Uwanja mzima haukuwa na pa kuzika yai. Mwanamke wa miaka sabini na tano alisimama katikati ya zege na beseni lake, akizunguka kutafuta kiganja kimoja cha udongo kwenye kiwanja cha kaka yake mwenyewe, baba yake Fundi.

Ilitosha. Fundi aliingia ndani akachukua nyundo kubwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kiti cha plastiki.

Kaka alikuwa na watu wake wakipakia nondo, na pikapu yake ilikuwa imeegeshwa kwenye kona ile ile. Fundi aliweka kiti mbele yake.

"Kaa."

"Kuna nini?"

"Ulisema utakaa kwenye kiti uniangalie. Kiti hicho." Akageuka. "Shangazi, walete."

Shangazi akaweka beseni chini, akaingia karakana, akatoka na boksi. Wafanyakazi wakaacha nondo wakasogea. Mzee wa mashine ya zege aliinama kuchungulia, vumbi la nyusi likamwagika. "Loo," akasema. "Watatu!"

Kaka alitazama ndani ya boksi kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kuonekana. "Ulisema bado kidogo."

"Nilisema. Ondoa gari."

"Mdogo wangu, ule ulikuwa mzaha. Zege la inchi nne, lina nyavu za chuma ndani! Unajua kazi iliyokwenda hapa?"

"Wewe ndiye uliyesema, si mimi. Mzee, hakusema?"

"Alisema, mama," mzee akajibu, akimkwepa bosi wake kwa macho. "Kwa mikono yake mwenyewe, alisema."

"Na wa kutaga watataga lini?" kaka akapandisha sauti. "Kobe anachukua miaka kumi na tano! Utakuwa hai wewe?"

"Hao wote ni majike. Niliweka joto la majike kwa makusudi. Watakuja kuchimba hapa, nikiwepo nisiwepo, na wakifika watakuta udongo. Ondoa gari, kaka."

Kaka hakusogea. Fundi akapita ubavuni mwa pikapu, akapanua miguu, akainua nyundo na kuishusha shubiri moja tu kutoka kwenye gurudumu. Zege halikupasuka. Mikono ilimtetemeka mpaka mabegani, na kipande cha jiwe kikamchana shavuni. Akainua tena. Pigo la pili, kikatoka kijikovu cheupe. La tatu, ufa mwembamba ukakimbia chini ya gari kuelekea ukutani, na kaka akaruka kwenye usukani akaliondoa gari kwa kishindo, matairi yakilia.

Akashuka, akarudi, akasimama nyuma ya kiti bila kukikalia. Shangazi alikuwa ameshakaa yeye, boksi mapajani, beseni miguuni. Fundi alipiga tena, kibonge kikainuka, na chini yake ukaonekana udongo, mweusi na mbichi, uleule. Shangazi alitoa sauti ndogo kooni.

"Sasa," kaka akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mkandarasi, "unavunja mpaka wapi?"

Fundi aliifuta damu shavuni kwa mgongo wa mkono, akatazama kona, akatazama uwanja wote mpaka getini.

"Mpaka nichoke," akasema, na kuinua nyundo.